Barua ya wazi kwa wakuu wa uhifadhi: kipunji ahesabiwe, na msitu wake uunganishwe

Kwa:
Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), Arusha
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), Arusha
Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS)
Mkuu wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, Moshi

Waheshimiwa,

Salaam, na poleni na majukumu.

Mimi ni mwongoza watalii, naishi Sakina hapa Arusha, na asili yangu ni Rungwe. Nawaandikia kuomba mambo mawili. La kwanza, kipunji, nyani wa msituni anayeishi kusini mwa nchi yetu, ahesabiwe kwa ratiba inayojulikana na kwa fedha za nchi yetu, kama tembo anavyohesabiwa. La pili, ukanda wa Bujingijila, ule unaounganisha msitu wa Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone upande wa Kitulo, ulindwe na urudishiwe miti yake ya asili chini ya mpango mmoja wa TANAPA na TFS. Hayo ndiyo maombi yangu. Yanayofuata ni sababu zake.

Nimeiandika barua hii wazi badala ya kuipeleka masijala kwa kuwa wananchi wengi wa kaskazini hawajawahi hata kulisikia jina la mnyama huyu, na maamuzi mengi yanayomhusu yanapita kwenye ofisi zilizopo mjini kwao. TANAPA iko hapa. TAWIRI iko hapa, Njiro. Mweka iko mwendo wa asubuhi moja tu, juu ya Moshi. Kipunji mwenyewe anaishi mbali kabisa na sisi, kusini, na hana mwingine wa kumsemea kwenye ofisi hizo isipokuwa ninyi. Kwa hiyo nitamweleza kwanza. Ninyi mnamjua, naomba mnivumilie kwa ajili ya wasiomjua.

Kipunji ni jamaa ya nyani anayeishi juu ya miti. Manyoya yake ni marefu, ya kahawia, na tumboni na kwenye nusu ya mwisho ya mkia yanageuka kuwa meupe yaliyofifia. Uso ni mweusi tii, kope nazo nyeusi, mashavuni ana ndevu ndefu, na utosini kishungi cha nywele kilichosimama wima ambacho humtambulisha mara moja hata akiwa mbali. Uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya kilo 10 na 16. Urefu wa manyoya yale si pambo. Kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone anapatikana hadi mita 2,450 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi sifuri na asubuhi majani huwa na barafu. Wengi wetu tukisema nyani wa Afrika tunafikiria joto. Huyu ni nyani wa baridi.

Hukaa kwa makundi makubwa, kwa kawaida kama 30 pamoja, madume zaidi ya mmoja, majike wengi na watoto wao. Karibu maisha yake yote yako juu ya miti: huko hula, huko hulala, huko hunyonyesha. Chini hushuka mara chache. Watafiti wameorodhesha aina zaidi ya 100 za mimea anayoila, na haendi kwenye matunda peke yake. Hula majani machanga, maua, mashina laini, magome, wadudu, na hata zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ya milimani. Mara nyingi huonekana akila kwenye mti mmoja na kima au mbega bila ugomvi. Adui wake wa angani ni yule tai mkubwa wa msituni anayekamata nyani, na madume hawamkimbii tu, humkabili.

Halafu kuna sauti yake. Jamaa zake wa karibu wana mlio mrefu unaopanda na kushuka. Dume la kipunji hutoa mbweko mfupi mzito, kama honi ya lori lililo ng'ambo ya bonde, na unasikika mbali sana. Mlio huo ni mmoja wa ushahidi uliowafanya wataalamu waamini kwamba wameona mnyama mpya kabisa.

Na alikuwa mpya kwao tu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina, na mwaka 2003 watafiti wa WCS, shirika la uhifadhi wa wanyamapori kutoka Marekani, waliokuwa wakifanya kazi Nyanda za Juu Kusini walisikia kwao habari za nyani mwenye aibu aitwaye kipunji, wakaanza kumtafuta hadi wakamwona. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua ya wenzao, ilimwona huyohuyo kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kilomita kama 350 kutoka Rungwe. Mei 2005 timu hizo mbili zilimtangaza kwa pamoja katika jarida la Science. Miongoni mwa walioandika walikuwa Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, na nadhani majina yao yanastahili kutajwa kwenye madarasa yetu zaidi ya yanavyotajwa. Ilikuwa zaidi ya miaka 20 tangu Afrika ipate spishi mpya ya nyani. Walimtangaza kwa picha, kwa sababu hawakutaka kumuua hata mmoja ili wapate kielelezo.

Kielelezo kilikuja kwa njia ya huzuni baadaye mwaka huohuo: dume changa lilinaswa kwenye mtego wa mkulima, shambani kando ya msitu wa Rungwe. Fuvu lake na vinasaba vyake ndivyo vilivyoonyesha kwamba kipunji hana nafasi kwenye jenasi yoyote iliyokuwapo, yaani kundi lolote la spishi zenye undugu wa karibu. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mara ya mwisho jenasi mpya ya nyani kutangazwa Afrika ilikuwa 1923. Yaani mlima wetu wa Rungwe umo kwenye jina la kisayansi la mnyama ambaye haishi katika nchi nyingine yoyote duniani. Simba wapo Kenya, Botswana, hata India. Tembo wapo nchi nyingi. Kipunji akiisha Tanzania ameisha duniani.

Sasa nije kwenye hesabu.

Hesabu kamili ya kwanza, iliyoongozwa na WCS na kuchapishwa 2008, ilipata kipunji 1,117. Kati yao 1,042 walikuwa kwenye misitu ya Rungwe na Kitulo, katika makundi 34, na 75 tu walikuwa Ndundulu, katika makundi manne. Eneo lote walilokuwa wakilitumia, kusini na Udzungwa kwa pamoja, halikufika kilomita za mraba 18. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo sisi tunaiita ndogo na kuimaliza kwa siku moja, ni kubwa kuliko eneo hilo mara nyingi. Zaidi ya miaka kumi baadaye wakahesabiwa tena, na habari ikawa njema: wameongezeka. Ulinzi, elimu vijijini na upandaji miti vimeleta matunda, na wanaostahili shukrani wapewe.

Lakini kati ya hesabu moja na nyingine ulipita muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi. Katika muda huo angeweza kuingia ugonjwa, au ukataji miti kwenye bonde moja, au wimbi la mitego, na tungekuja kujua mambo yakiwa yamekwisha. Na hesabu ile ya kwanza ilitegemea shirika kutoka nje na wafadhili wake. Nalishukuru shirika hilo kwa moyo wote, na bado nasema si sawa. Mfadhili akibadilisha vipaumbele vyake, nani atapanda mlima kumhesabu kipunji?

TAWIRI mnajua kuliko mtu yeyote nchini thamani ya hesabu iliyofanyika kwa wakati. Sensa ya 2009 ilionyesha tembo zaidi ya 109,000. Ile ya 2014 ikaonyesha kama 43,000. Hakuna hotuba wala filamu iliyoamsha nchi hii kama tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja. Watu walibishana, serikali ikaulizwa maswali, nguvu ikaongezwa dhidi ya majangili. Sisi waongoza watalii tuliokuwa porini tulikuwa tunaona mizoga, tunasimuliana, lakini simulizi zetu hazikuwa na uzito mezani hadi tarakimu zilipotoka.

Kipunji hawezi kuhesabiwa kwa ndege. Majani yamefunga, mabonde ni ya kina, ukungu unaweza kukaa siku nzima. Anahesabiwa kwa miguu: timu kadhaa zinaingia msituni kwa pamoja kila moja na bonde lake, zinasikiliza milio alfajiri, zinalifuata kundi, zinahesabu linapovuka uwazi kutoka mti hadi mti, na zinalinganisha saa na mahali ili kundi moja lisihesabiwe mara mbili. Ni kazi ya jasho na subira. Lakini ukiitazama kwa makini, inahitaji watu waliofunzwa kuliko inavyohitaji mitambo, na watu waliofunzwa tunao. Gombe na Mahale kuna Watanzania ambao kwa miongo mingi wamefuata sokwe kila siku, kwenye miteremko, kwenye mvua, na kuandika kila wanachokiona. TANAPA mna ujuzi huo nyumbani mwenu. Mweka mna wanafunzi wanaohitaji mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka mnapokea wapya. Naomba baadhi yao wapelekwe Rungwe, wafundishwe na wazee wa kule na wataalamu wa TAWIRI kumhesabu nyani wa msituni kwa miguu. Kijana aliyejifunza hivyo ataweza kumhesabu mbega wa Meru na wa Kilimanjaro, na mbega mwekundu wa Udzungwa pia.

Ndundulu inahitaji neno la peke yake. Msitu ule ni mzuri, haujakatwa kama Rungwe, ila kipunji wake walikuwa 75 tu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kipunji wa Ndundulu na wa Rungwe wametengana kwa muda mrefu: wale wa Rungwe wamebeba alama za kuchanganyika zamani sana na nyani wa kawaida wa manjano, na wale wa Ndundulu hawana. Maana yake, wakipotea wa Ndundulu hatuwezi kusema tunao wengine Rungwe watakaoziba pengo. Kwa nini msitu mzima una wanyama wachache hivyo? Chakula? Maradhi? Uwindaji wa zamani? Swali hilo ni la TAWIRI kulijibu, na ningependa lijibiwe na Mtanzania, kwa utafiti wa miaka, sio wa wiki mbili za msimu wa kiangazi.

Nageukia Bujingijila.

Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS. Msitu wa Livingstone umo ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyotangazwa 2005, chini ya TANAPA. Katikati yake ni Bujingijila, ukanda mwembamba ambao zamani ulikuwa msitu mmoja na pande zote mbili na sasa umeliwa na mashamba, mbao na mkaa. Kwa mnyama wa kutembea chini, ukanda uliochakaa bado unapitika usiku. Kipunji hapitii chini. Miti ikiachana, kwake njia imefungwa, na makundi ya upande mmoja yataanza kuoana yenyewe kwa yenyewe kizazi hadi kizazi.

Hapa Arusha tunaijua habari ya ushoroba, njia ya wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine. Kila mtu wa kazi yangu anaijua Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, na vikao visivyohesabika vilivyofanyika juu yake. Kanuni za shoroba za mwaka 2018 zipo. Ninachoomba ni kwamba nguvu ileile tuliyoiweka kwa tembo na nyumbu wa Kwakuchinja ifike Bujingijila, ambako eneo ni dogo zaidi, kazi inajulikana, na miti ya asili imeshaanza kupandwa na watu wenye nia njema. Ugumu uko kwenye utawala: mnyama mmoja, taasisi mbili, na mashamba ya vijiji katikati. Askari wa upande huu hana amri upande ule. Doria hazipangwi pamoja. Ramani ya mmoja inaishia pale ya mwenzake inapoanza, na kipunji yuko kwenye ramani zote mbili. Waheshimiwa makamishna wa TANAPA na TFS, hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji ninyi wawili mkae, pamoja na halmashauri ya Rungwe na wenyeviti wa vijiji, mtie saini mpango mmoja wenye jina la mtu anayewajibika.

Na wakulima wasiachwe nje ya kikao hicho. Mjomba wangu analima mahindi na viazi karibu na msitu. Kipunji wakishuka msimu wa mahindi mabichi hawamwachii kitu pembezoni mwa shamba, na watoto hukosa shule wakilinda. Nilipokuwa nikimweleza jinsi mnyama yule alivyo wa pekee, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, ninyi huko Arusha wanyama wanawalipa. Sisi wanatumalizia mahindi." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Mzee huyu hachukii msitu. Maji ya mto anakonywesha ng'ombe yanatoka humo, na anajua. Kila mtu wa Rungwe anajua kwamba mvua ile nyingi na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayoteremka hadi Ziwa Nyasa inategemea misitu ya juu. Anachouliza ni kwa nini gharama ya kumtunza mnyama wa taifa zima ailipe yeye peke yake kwa mahindi yake.

Kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, tunachokisikia zaidi ni cha tembo. Naomba mlitazame suala la mashamba yanayopakana na msitu wa kipunji, kwa fidia au kwa njia nyingine: mazao ambayo nyani hayapendi upande wa msituni, kama chai, walinzi wa mashamba wanaolipwa wakati wa mavuno, kuni za kupanda ili msitu usiguswe, ajira za kuhesabu na kuongoza doria zikianzia kwa vijana wa vijiji hivyohivyo. Mtego ulionasa dume lile mwaka 2005 ulitegwa na mtu aliyekuwa akilinda chakula cha wanawe. Bila kumshirikisha mtu huyo, miche ya Bujingijila itang'olewa.

Kuna wanaoweza kusema haya ni ndoto, kwamba nyani mdogo wa msituni hawezi kupata nguvu ya taifa. Niwape mfano wa nchi ambayo nayo ina matatizo makubwa ya misitu.

Kwenye misitu ya pwani ya jimbo la Rio de Janeiro, Brazil, anaishi tumbili ambaye wenyewe humwita mico-leão-dourado. Ana uzito wa nusu kilo na kidogo, manyoya ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na nywele zimezunguka uso wake kama simba dume. Huishi kwa familia ndogo, hulala kwenye matundu ya miti, na kwa vidole vyake virefu vyembamba hupekua ndani ya mimea na chini ya magome kutafuta wadudu. Mama kwa kawaida huzaa mapacha. Baba na ndugu wakubwa ndio wanaowabeba mgongoni sehemu kubwa ya siku, na mama huwachukua kuwanyonyesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa wamebaki kama 200 msituni. Msitu wao ulikuwa umekatwa vipandevipande kwa mashamba, malisho na barabara.

Brazil ilitenga hifadhi ya Poço das Antas mwaka 1974 kwa ajili yao. Kuanzia 1984 wengine waliozaliwa kwenye bustani za wanyama walirudishwa msituni, wakafundishwa kutafuta chakula, na wakulima wenye mashamba makubwa wakakubali kuwapokea kwenye misitu yao binafsi. Vipande vya msitu vikaunganishwa kwa kupanda miti. Mwaka 2020, juu ya barabara kuu ya BR-101 ambayo ilikuwa imekata msitu wao, likajengwa daraja, likajazwa udongo na kupandwa miti, ili tumbili wavuke. Na tangu 2002 picha yake ipo kwenye noti ya reali 20, kwa hiyo hata mtu wa mjini asiyewahi kukanyaga msituni anamjua kwa sura.

Jambo ninaloomba mlitazame zaidi ni kwamba waliendelea kuhesabu. Mwaka 2014 walipata kama 3,700. Kisha homa ya manjano ikaingia msituni, na hesabu ya 2018 ikaonyesha wamebaki kama 2,500. Karibu theluthi moja walikuwa wamepotea kwa miaka michache, na kwa kuwa walikuwa na tarakimu, hawakubishana juu ya ukubwa wa janga. Wataalamu waliandaa chanjo, wakaanza kuwachanja tumbili wa porini, mmoja mmoja, kwa kuwanasa na kuwaachia. Hesabu ya 2023 ikaonyesha kama 4,800. Bila ile ya 2014, ile ya 2018 isingekuwa na maana, na chanjo pengine isingekuwapo. Kipunji wakiugua mwaka huu, tutajua lini?

Sisi tunacho tayari walichokuwa hawana mwanzoni. Hesabu ya kipunji haijawahi kushuka hadi 200, msitu wake haujakatwa vipandevipande kiasi kile, na hakuna haja ya kujenga daraja juu ya barabara kuu. Inatosha miti irudi Bujingijila, na watu wapande na daftari mara kwa mara.

Kuhusu utalii, niseme kwa uwazi kama mtu anayekula kwa kazi hiyo. Siombi kipunji wafanywe kivutio cha umati. Nyani huambukizwa maradhi yetu, na wanyama wenye aibu wakisumbuliwa huhama au huacha kuzaa vizuri. Wageni wachache, kwa vikundi vidogo, na waongozaji wa kutoka Rungwe wenyewe, hicho ndicho kipimo. Ninachoomba kwa upande wetu wa kaskazini ni jina lake lijulikane. Kwenye mafunzo ya waongoza watalii hapa Arusha na Moshi, kwenye maonesho ya utalii, kwenye vitabu vya picha vinavyotolewa na ofisi zenu, kwenye ukuta wa mapokezi ambako leo kuna simba watatu, awepo kipunji mmoja. Mtoto wa Ngarenaro au Majengo ya Moshi anayejua majina ya wanyama wakubwa watano ajue na huyu wa sita, ambaye ni wetu peke yetu.

Septemba 1961, hapahapa Arusha, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lake juu ya wanyamapori na kuahidi kwamba tutafanya kila tuwezalo ili watoto wa wajukuu wetu waukute urithi huo. Wakati ule hapakuwa na mwanasayansi aliyejua kwamba kipunji yupo. Ahadi ilimhusu hata hivyo.

Natambua bajeti ni finyu na kila mnyama ana mtetezi wake. Ndiyo maana sikuomba mengi. Naomba mpango wa kazi wa mwaka ujao wa TAWIRI uonyeshe sensa ya kipunji, tarehe yake na fungu lake, na mwaka mwingine itakaporudiwa. Naomba TANAPA na TFS mtaje hadharani lini mtakaa pamoja juu ya Bujingijila, na nani atakayejibu kwa niaba ya wote. Naomba Mweka mtuambie kama mnaweza kutoa wanafunzi. Majibu yenu yakitoka kwenye tovuti zenu au kwenye vyombo vya habari, nitayapeleka Rungwe kwa mkono wangu na kuyasoma kwenye mkutano wa kijiji, kwa mjomba na wenzake wanaosubiri kuyasikia.

Wenu katika uhifadhi,

Mwongoza watalii, Sakina, Arusha